Vidonge Viwili vya Mwalimu Wangechi

Vijana wa dirisha la dawa, mliniomba niandike kitu kabla sijastaafu na kurudisha koti. Nadhani mlitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Mmepata hii badala yake, na kama ni ndefu mno, isomeni kwa zamu saa nne mkinywa chai, mmoja wenu akibaki dirishani. Dirisha halifungwi kwa sababu ya chai.

Vyeo nilivyopewa viko kwenye faili ofisini, na mishahara ilikwisha zamani, kwa hiyo nitaviacha. Nianze na siku ya kwanza.

Nilifika hospitali hii ya mjini Nyeri nikiwa na viatu vipya vilivyonibana na cheti ambacho hakuna aliyeomba kukiona. Mkuu wa chumba cha dawa alikuwa Mzee Macharia, kompaunda wa zamani, yaani mchanganya dawa, mtu mfupi aliyevaa koti la kaki na kuongea kama anayelipia kila neno. Alinipa trei ya kuhesabia na kisu butu, akamimina vidonge, akaniambia nihesabu. Nikahesabu. Akaniambia nihesabu tena. Mara ya tatu nilipata idadi tofauti na zile mbili za kwanza, naye akasema, "Sasa umeanza kazi."

Siku hizo tulichanganya dawa ya kikohozi wenyewe kwenye mtungi mkubwa wa kioo. Wagonjwa walikuja na chupa zao, zingine zikinuka mafuta ya taa, na kazi ya asubuhi ilikuwa kunusa chupa na kuzikataa. Pua yangu haijawahi kupona. Lakini jambo kubwa nililojifunza kwa Mzee Macharia halikuwa kuchanganya. Hakumpa mtu dawa kabla hajamwambia aweke juu ya meza kila kitu anachomeza nyumbani. Watu walinung'unika, kisha wakafungua viondo vyao vya kusukwa. Nimeona ugoro, nimeona vidonge vya mke vikimezwa na mume, nimeona dawa ya minyoo ya ng'ombe, na mwenye ng'ombe akieleza kwamba ng'ombe alipona haraka sana.

Mzee alistaafu, nikabaki na trei yake. Miaka ikaenda. Tulipofika miaka ya tisini, kazi ilikuwa imebadilika. Malaria na kikohozi vilibaki, lakini foleni ilijaa watu wa presha na sukari, watu wanaohitaji dawa kila siku ya maisha yao, na hapo ndipo dawa zenyewe zilipoanza kukosekana. Neno nililolisema zaidi dirishani miaka ile lilikuwa "rudi mwezi ujao." Nililisema vizuri, kwa sauti ya upole, na watu walinishukuru. Sasa niwaambie lilimfanya nini Mwalimu Wangechi.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Giakanja, mwanamke mrefu, umri wake karibu sawa na wangu. Alifundisha Kiswahili, na hakukubali kuzungumza nami Gikuyu dirishani. Alisema mkoa mzima unaharibu Kiswahili na yeye hatashiriki. Zamani, kama wanawake wengi wa milima yetu, alikuwa na uvimbe wa shingo, rovu kubwa lililomzuia kumeza. Alifanyiwa upasuaji Nairobi. Tezi ya shingo haikutolewa yote, waliacha kipande, lakini kipande hicho hakikuweza kazi, kwa hiyo alipewa vidonge vidogo vyeupe vya thairoksini kufanya kazi ya tezi iliyokatwa. Vya maisha. Alivichukua kwangu kila mwezi kwa miaka, na kila mwezi alinisahihisha sentensi moja.

Kisha thairoksini ikaisha. Nikamwambia arudi mwezi ujao. Akarudi, nikamwambia tena. Mara ya tatu alisema hajihisi vibaya, shingo imetulia, labda havihitaji vidonge tena. Nilipaswa kumwambia wakati ule kwamba tezi huchoka polepole na mwenye nayo huwa wa mwisho kujua. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nilimwambia, "Sawa, Mwalimu." Hakurudi. Dawa ilipokuja hatimaye niliipanga kabatini, na sikujiuliza yuko wapi.

Mwaka uliofuata kaka yake, mkulima wa kahawa kule Othaya, alishikwa na maumivu ya kifua akiwa kwenye foleni ya kupima kahawa kiwandani, akaanguka na hakuamka. Familia iliogopa sana, maana baba yao pia alienda hivyo hivyo. Baada ya mazishi, binti ya Mwalimu, Wairimu, aliyekuwa karani Nairobi, alimpeleka mama yake kwenye kliniki ya binafsi kupimwa damu. Mafuta kwenye damu, ile kolesteroli, yalikuwa juu kupita kiasi. Akaandikiwa statini, dawa ya kuyapunguza, ambayo wakati huo ilikuwa mpya kwetu hata sisi wa dirishani. Hakuna aliyemuuliza kuhusu shingo. Alikuwa amevaa kitambaa, kama alivyovaa siku zote.

Mimi hayo yote sikuyajua. Nilichojua ni kwamba asubuhi moja ya mwezi wa sita, siku ya baridi na ukungu mpaka kwenye ngazi, mwanamke aliyevimba uso alisimama mbele yangu akishikilia kingo za dirisha kwa mikono miwili. Alinisukumia karatasi ya dawa ya maumivu. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mwanamume. Nilisoma jina kwenye karatasi kabla sijamtambua.

"Mwalimu. Uko na dawa ingine unameza nyumbani?"

"Dawa nyingine, Nyawira," alisema, polepole sana. "Ninayo moja."

Alitafuta kwenye kiondo kwa muda mrefu, vidole vikiwa vizito, akaniwekea pakiti ya statini. Nilimuuliza ana shida gani. Alisema mapaja na mabega yanamuuma, hawezi kuinuka kwenye kiti bila kushika meza, na wiki iliyopita alishindwa kupanda ngazi tatu za ofisi yake mwenyewe, watoto wakimwangalia. Alisema anasikia baridi hata kando ya moto na analala kama mtoto mchanga. Alipoinama kurudisha pakiti, kitambaa kilisogea, nikaona kovu.

"Na zile ndogo nyeupe za shingo?" nikauliza.

"Hizo uliniambia zimeisha."

Nilisimama pale nikiwa na karatasi mkononi. Watu nyuma yake walianza kuuliza kuna nini.

Nilifunga dirisha. Ni mara moja tu nimelifunga katikati ya asubuhi. Nilimshika mkono tukarudi kwa daktari aliyemwandikia dawa ya maumivu, Daktari Mwakio, kijana kutoka Taita, mwaka wake wa pili kazini. Alikuwa na wagonjwa wengi nje ya mlango. Niliweka pakiti mezani kwake nikamwambia: huyu hana tezi ya kutosha, hajameza thairoksini miezi minane, anameza hii, na misuli inamuuma. Na aliyemwacha bila thairoksini ni mimi.

Mwakio alifungua droo akatoa kitabu, akasoma, akarudi nyuma ukurasa mmoja akasoma tena. Kisha akamuuliza Mwalimu kama mkojo wake umebadilika rangi. Alisema ni wa kawaida, labda umekolea kidogo. Akamgonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira, na mguu ulirudi chini taratibu, kana kwamba unafikiria kwanza.

"Mama, nimekaa nawe dakika kumi na sikukuuliza kovu hilo ni la nini," alisema. "Nisamehe. Statini tunaisimamisha leo."

Damu yake tuliichukua siku hiyo hiyo. Maabara yetu haikuweza kupima tezi wala misuli, kwa hiyo niliifunga chupa ndogo kwenye chupa ya chai yenye barafu, ikapelekwa Nairobi na gari la hospitali. Usiulize kama chupa hiyo ya chai iliwahi kurudi kwa mwenyewe. Majibu yalipokuja, tezi ilikuwa karibu imelala kabisa na misuli ilikuwa imeanza kuumia. Figo, nashukuru, zilikuwa salama.

Nilidhani sehemu ngumu imepita. Haikuwa imepita. Wairimu alikuja kutoka Nairobi, akatukuta watatu kwenye chumba cha Mwakio, akabaki amesimama.

"Mjomba wangu amekufa na moyo," alisema. "Guka, baba yao, pia. Mafuta ya mama ni mengi kuliko ya mjomba. Halafu nyinyi ndio mnamnyang'anya dawa ya moyo, ati apewe ya shingo? Na ile ya shingo ni nyinyi mlimnyima. Sasa nitawaamini aje?"

Lilikuwa swali la haki. Mwakio alimvutia kiti.

"Hatusemi asiimeze kamwe," alisema. "Sikiliza. Ini ndilo linaloondoa mafuta kwenye damu, na tezi ndiyo inayoliamsha ini lifanye kazi. Tezi ikilala, mafuta yanabaki. Kwa hiyo leo hatujui mafuta ya mama ni yake mwenyewe au ni ya tezi. Na misuli ya mtu ambaye tezi imelala huumizwa na statini upesi kuliko ya mwingine. Tuamshe tezi kwanza. Kisha tupime upya, ndipo tuamue."

"Na moyo ukisimama kabla hamjapima?"

"Siwezi kukuahidi hautasimama," Mwakio alisema. "Naweza kukuahidi kwamba njia mliyokuwa nayo ilikuwa hatari zaidi."

Mwalimu Wangechi alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, tukadhani amesinzia. Akainua uso akanitazama mimi, si daktari.

"Mtoto akikosa shule wiki moja, mimi ninatuma mtu kwao kuuliza," alisema. "Miezi minane, Nyawira."

"Najua, Mwalimu."

"Haya. Basi andika jina langu mahali."

Niliandika siku hiyo, kwenye daftari la shule alilolitoa yeye mwenyewe kwenye kiondo. Ndilo lile la jalada la samawati mnalolalamikia. Kila anayemeza dawa ya tezi yumo: jina, kijiji, kanisa au shule yake, na siku anayotakiwa kurudi. Asipoonekana, tunamtumia ujumbe kwa mtu wa kwao. Dawa ikikaribia kuisha, hatungoji iishe ndipo tuombe. Tunaazima kwa hospitali nyingine na kuandika tumeazima kwa nani. Mara moja nilitembea soko lote la Karatina, kati ya magunia ya kabichi na viazi, nikitafuta mama mmoja aliyekosa miezi miwili. Nilimpata akibishana na mnunuzi, nikasimama kando mpaka akashinda. Alinipa kabichi mbili na hakuelewa kwa nini macho yangu yana maji.

Thairoksini ya Mwalimu tulianza nayo kidogo sana. Moyo uliozoea kwenda polepole hauamshwi kwa ghafla, hasa katika familia kama yake. Nusu kidonge, asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji, chai baadaye. Hilo la chai lilimuudhi kuliko ugonjwa wenyewe. Kila wiki kadhaa Mwakio alimpima, akaongeza kidogo. Kwa mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika, na Wairimu alipiga simu ya hospitali mara nyingi hivi kwamba mpokea simu alimjua kwa sauti. Mwezi wa pili Mwalimu alikuja akasema ameinuka kwenye kiti cha kanisa bila kushika cha mbele. Wa tatu uso wake ulikuwa umerudi. Wa nne alinisahihisha, "chupa nyingine" si "chupa ingine," na nikajua amepona.

Kabla ya shule kufungwa mwisho wa mwaka, Mwakio alipima mafuta upya. Yalikuwa yameshuka sana. Nilimpelekea Mwalimu karatasi nikiwa nimeanza kutabasamu, lakini yeye aliisoma kama anavyosoma ripoti ya mtoto, mpaka mstari wa mwisho.

"Bado ni mengi," alisema.

Yalikuwa bado mengi. Kwa mtu mwingine yasingetusumbua, lakini yeye alikuwa na presha kidogo, na alikuwa na baba na kaka makaburini. Mwakio alitoka nje nasi tukakaa watatu kwenye benchi lililo chini ya dirisha la dawa, kwenye jua. Alimweleza kwamba sasa tezi imeamka na misuli imepona, statini si hatari kama ilivyokuwa. Yeye angependa airudie, kwa kiasi kidogo. Lakini hakumwandikia. Alisema, "Mama, hii sasa ni yako kuamua."

Mwalimu alitazama miguu yake. "Mimi nimewahi kukwama kwenye ngazi tatu," alisema. "Hamjui hiyo ni nini, watoto wa darasa la kwanza wakikuuliza kama wakushike mkono." Kisha akanigeukia. "Nyawira. Ungekuwa wewe, ungeimeza?"

Miaka yote ile nilikuwa nimefundishwa kusema daktari ndiye anayejua. Lakini daktari alikuwa ameketi pale pale, ameshasema anachojua, na swali lilikuwa langu.

"Ningeogopa," nilimwambia. "Ningeanza na chakula na kutembea, nione. Na kama hayo hayatoshi, ningeimeza. Lakini ningetaka mtu ambaye ninaweza kumwendea siku ile ile mguu ukiuma, si mwezi ujao."

Alifikiria hayo. Akaomba miezi mitatu. Mwakio akampa. Katika miezi hiyo aliacha mafuta mazito ya kupikia ya kopo, akawaudhi watu wote wa nyumbani kwake kwa mboga za sukuma wiki za kuchemsha, na kila jioni alipanda kilima na kushuka. Alisema alipofika juu alisimama kidogo kuutazama Mlima kama haujafunikwa na mawingu, ili apate sababu ya kupumzika bila aibu. Mafuta yalishuka tena, lakini kidogo tu. Alipopewa majibu hakushangaa.

"Hiyo iliyobaki ni ya baba," alisema. "Hiyo haitoki kwa sukuma wiki."

Akafungua daftari lingine. Alikuwa ameandika kama mpango wa somo. Thairoksini asubuhi, haikosi hata siku moja, hata kwenye mazishi, hata kwenye safari. Statini kidogo jioni. Kipimo cha misuli na cha ini baada ya wiki sita, kisha kila baada ya muda atakaosema daktari. Maumivu ya misuli bila sababu, udhaifu, au mkojo kama chai ya rangi: aache statini na aje hospitali siku hiyo hiyo. Dawa yoyote mpya, hata ya jino, amwonyeshe Nyawira kwanza. Chini kabisa alikuwa ameacha nafasi tatu, yake, ya daktari na yangu, na akatukabidhi kalamu. Mwakio alitia sahihi kwa heshima kubwa. Sahihi yangu mimi haikufanana na ile iliyo kwenye faili ofisini.

Wiki sita zilipita. Aliniambia baadaye kwamba kila asubuhi alipoamka alijaribu miguu kwanza, kitandani, kabla ya kusali. Haikuuma. Vipimo vilikuwa vizuri. Mwaka ule ukaisha, na uliofuata, na Mwakio akahamishwa kwenda Pwani. Aliondoka na nakala ya ule mpango wa somo kwenye koti lake. Wairimu hakuwahi kuniomba msamaha, wala sikuuhitaji. Lakini kila Krismasi alinipitishia majani ya chai ya Othaya, yaliyofungwa kwenye gazeti, bila barua.

Sasa mnanilazimisha kusema kitu kuhusu wiki yangu ya mwisho, ambayo mlikuwepo wote. Mwalimu Wangechi alikuja Jumanne. Yeye alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla yangu na alikuwa anajisifu kwa hilo. Kendi, mtoto wetu wa Meru, ndiye aliyekuwa dirishani, na mimi nilikuwa nyuma nikipanga makabati. Kendi alimletea dawa zake mbili zikiwa kwenye bahasha moja. Mwalimu aliifungua, akatenganisha, akaomba bahasha ya pili, akaandika mwenyewe *asubuhi* kwenye moja na *jioni* kwenye nyingine. Halafu akaniona.

"Wanasema unaenda nyumbani."

"Ijumaa, Mwalimu."

"Na mimi sasa nitakuwa namsumbua nani?"

"Huyu," nikasema.

Alimgeukia Kendi akamtazama kwa muda, vile mwalimu anavyotazama darasa siku ya kwanza ya muhula. Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu lakini hakuna aliyelalamika. Aliegemeza kiwiko kwenye ukingo wa dirisha, akavaa miwani, na kusema, "Niambie jina lako lote. Polepole, ili nilishike."